Kilichohesabiwa na Kilichotunzwa: Uhakiki wa Uhifadhi wa Maandishi ya Kiswahili katika Intaneti

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna maandishi ya Kiswahili yaliyochapishwa katika intaneti tangu miaka ya 1990 yanavyohifadhiwa na yanavyopotea. Hoja yake ni kwamba Kiswahili cha mtandaoni kimehesabiwa vizuri kuliko kilivyotunzwa. Sentensi zake zimekusanywa kwa mamilioni kwa ajili ya sarufi na mashine, ilhali kurasa zilizozibeba, pamoja na majina, tarehe na mazingira yake, zimeachwa zitoweke. Makala yanapendekeza kwamba wajibu wa kuzitunza ufungamanishwe na lugha badala ya mipaka ya nchi.

1.0 Utangulizi

Barua kongwe za Kiswahili zinazofahamika, zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu huko Kilwa kuanzia mwaka 1711, hazikuhifadhiwa Kilwa. Zimo Goa, nchini India, kwa sababu ziliingia katika shughuli za Wareno, na Wareno walikuwa na mazoea ya kuweka karatasi. Mtafiti anayezisoma leo ananufaika na watunzaji ambao haja yao haikuwa Kiswahili. Karne tatu baadaye hali inafanana. Nakala za kurasa za Kiswahili zilizokwisha kuzimwa zinapatikana, pale zinapopatikana, San Francisco, katika Internet Archive, asasi iliyoanzishwa na Brewster Kahle mwaka 1996 na iliyofungua hazina yake ya kurasa kwa umma mwaka 2001.

Tofauti iko katika uimara wa kinachotunzwa. Karatasi ya Goa ilistahimili kusahauliwa. Ukurasa wa intaneti hudumu kwa muda ule tu ambao mtu anaendelea kulipia jina la tovuti, kulipia seva na kurekebisha programu. Karatasi hupotea ikiguswa na moto, maji au mchwa. Ukurasa hupotea kwa kutoguswa na yeyote. Kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilieleza mwaka 2024 kwamba asilimia 38 ya kurasa zilizokuwapo mwaka 2013 hazikuweza kufunguliwa tena miaka kumi baadaye. Uchunguzi huo haukulenga Kiswahili. Hata hivyo, hakuna sababu ya kudhani kwamba lugha ambayo tovuti zake nyingi zimeendeshwa na mtu mmoja mmoja, bila taasisi nyuma yake, imenusurika zaidi ya nyingine.

2.0 Neno kuhifadhi na mkanganyo wake

Sehemu ya tatizo imo katika neno lenyewe. Mwanafunzi wa madrasa huhifadhi Kurani. Serikali huhifadhi msitu. Karani huhifadhi faili katika kompyuta. Katika matumizi mawili ya kwanza pana kazi ya muda mrefu na mtu anayewajibika nayo. Katika la tatu pana kitufe kilichobonyezwa. Nyaraka za sera za kidijitali zinaposema kwamba taarifa za umma “zimehifadhiwa mtandaoni”, zina maana ya karani, lakini msomaji husikia maana ya madrasa. Kiswahili kina neno jingine linaloweza kuondoa utata huu, nalo ni kavazi, linalofahamika kwa mfano katika jina la Kavazi la Mwalimu Nyerere lililoko COSTECH, Dar es Salaam. Kavazi lina mlinzi, lina orodha, na lina utaratibu wa nani anaruhusiwa kuona nini. Ukurasa uliopandishwa kwenye seva umewekwa tu. Bado haujatiwa kavazini.

Mkanganyo huo umeingia hata katika uandishi wa kitaaluma. Makala za Kiswahili zinazojadili fasihi ya mitandaoni hutoa ushahidi wake kwa anwani ya tovuti na maneno “imesomwa tarehe” fulani. Tarehe hiyo inathibitisha uaminifu wa mwandishi, lakini haimrudishii msomaji matini. Tatizo si la Afrika Mashariki pekee. Jonathan Zittrain, Kendra Albert na Lawrence Lessig walionyesha kwamba zaidi ya asilimia 70 ya viungo vilivyonukuliwa katika jarida la sheria la Harvard na majarida mengine waliyoyachunguza, na karibu nusu ya vile vilivyomo katika hukumu za Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani, havikumfikisha tena msomaji kwenye taarifa iliyokusudiwa. Maktaba ya sheria ya Harvard ilijibu kwa kuanzisha huduma ya Perma.cc, ambayo huchukua nakala ya ukurasa siku unaponukuliwa. Wahariri wa majarida ya Kiswahili wangeweza kudai nakala ya namna hiyo kwa kila anwani, na gharama yake ingekuwa ndogo kuliko ya kusahihisha rejea zilizokufa.

Ukurasa pia hubadilika bila kuacha alama. Kichwa cha habari kilichosomwa asubuhi huweza kuwa kingine jioni. Taaluma ya Kiswahili ina uzoefu mkubwa wa kulinganisha nakala zinazotofautiana: kazi za Al-Inkishafi na Utendi wa Tambuka zimesomwa hivyo, ubeti kwa ubeti, miswada ikiwa mezani. Ni jambo la kushangaza kwamba uzoefu huo haujapelekwa mtandaoni, ambako tofauti za nakala ni nyingi zaidi. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, ni miongoni mwa mahali pachache ambapo kila badiliko huachwa lionekane pamoja na tarehe yake. Wahakiki huitaja kwa dharau ya kawaida, ilhali kwa kigezo hiki imeyapita magazeti.

3.0 Sentensi bila ukurasa

Kongoo ya Kiswahili ya Helsinki inastahili kusomwa kwa makini kuliko hazina nyingine yoyote, kwa sababu ubora wake ndio unaoficha upungufu wake. Iliandaliwa chini ya Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Toleo la 2004 lilikuwa na maneno yapatayo milioni 12.5, na toleo la pili, la 2016, yapatayo milioni 25. Miongoni mwa yaliyomo ni matini za magazeti ya Tanzania kama Nipashe, Majira na Rai. Kila neno limechanganuliwa kwa mfumo wa SALAMA ulioundwa na Hurskainen mwenyewe, na kongoo nzima imewekwa katika Benki ya Lugha ya Ufini kwa anwani ya kudumu. Mwanaisimu anayetaka kujua matumizi ya kiambishi -ki- cha masharti hupata mifano kwa mamia katika muda mfupi. Kazi hiyo haina mfano katika vyuo vya Afrika Mashariki, na lawama kwa hilo haiendi Helsinki.

Lakini kongoo hukata matini kwa mkasi wa swali la kiisimu. Mtafiti huuliza neno, na jibu huja kwa mistari ambayo kila mmoja una neno hilo. Picha iliyokuwa juu ya habari, tangazo lililokuwa pembeni, mpangilio uliofanya habari moja iwe kubwa na nyingine iwe ndogo, vyote hivyo si data kwa mwanaisimu. Kwa mwanahistoria wa vyombo vya habari, na kwa mhakiki wa fasihi, hivyo ndivyo sehemu ya maana.

Mfano wa malumbano ya washairi unadhihirisha hasara hiyo. Katika kurasa za mashairi za magazeti ya Kiswahili, shairi mara nyingi ni jibu. Mshairi wa Tanga huuliza, wa Mombasa humjibu wiki kadhaa baadaye, wa tatu huingia kati kusuluhisha au kuchochea, na mhariri huamua lini ugomvi ufungwe. Maana ya ubeti wa jibu imo nusu katika ubeti na nusu katika shairi linalojibiwa. Mchezo huo sasa umehamia kwenye blogu, kwenye kurasa za Facebook na kwenye makundi ya WhatsApp, na kasi yake imeongezeka: jibu huja kwa dakika. Mashairi hayo yakivunwa kwa ajili ya kongoo, vina na mizani vitabaki. Atakayekosekana ni nani aliyeanza, nani aliyechokozwa na nani aliyenyamaza. Na kwa kuwa makundi hayo yako nyuma ya nywila, programu za Internet Archive, ambazo hufuata viungo vilivyo wazi kutoka ukurasa hadi ukurasa, haziyafikii kabisa. Tanzu ambayo huenda ni hai kuliko zote katika ushairi wa Kiswahili wa karne hii inaandikwa mahali ambapo hakuna mtunzaji anayeingia.

Uvunaji mpya zaidi umezidisha mkasi. Common Crawl, iliyoanzishwa mwaka 2007, hukusanya kurasa za lugha nyingi, na mikusanyo inayotokana nayo hutumika kufunza modeli za lugha. Katika mikusanyo mingi ya aina hiyo matini husafishwa, kurudufiwa kwake huondolewa, na kinachobaki ni aya. Washauri wa sera hufurahia, na wana haki ya kufurahi, mashine inapojibu kwa Kiswahili. Ila kuwapo kwa Kiswahili ndani ya mashine kusichukuliwe kuwa ushahidi kwamba maandishi yake yametunzwa. Mashine inaweza kuwa imeinywa blogu yote, na bado mtafiti asiweze kuinukuu hata sentensi moja ya blogu hiyo.

4.0 Saa za kuondoa

Sheria za kanda hii zina mengi ya kusema kuhusu maudhui ya mtandaoni, na karibu yote yanahusu kuyazuia. Kanuni za Tanzania za mwaka 2018 kuhusu maudhui ya mtandaoni ziliwataka wenye blogu kulipa ada ya leseni ya shilingi milioni 1 na ada nyingine kama hiyo kila mwaka. Maudhui yaliyokatazwa yalipaswa kuondolewa ndani ya muda wa saa 12 baada ya taarifa kutolewa. Migahawa ya intaneti ilitakiwa iweke kamera na kutunza picha za wateja kwa miezi 12. Kwa maneno mengine, mtunga kanuni alijua vizuri maana ya kutunza kumbukumbu: sura ya aliyeandika ilipewa mwaka mmoja, alichokiandika hakikupewa hata siku. Baadhi ya wenye blogu walizifunga badala ya kulipa. Kanuni hizo zilibadilishwa mwaka 2020, lakini kilichokwisha kuzimwa hakikurudi kwa sababu hiyo. Hoja hapa haihusu iwapo serikali ina haki ya kudhibiti. Hata mdhibiti mkali huhitaji nakala ya kile alichokidhibiti, na mahakama huhitaji zaidi.

Hatari nyingine hutoka nje ya kanda. Sauti ya Amerika, ambayo idhaa yake ya Kiswahili ilianza mwaka 1962, ilisimamishwa mwezi Machi 2025 kwa uamuzi wa serikali ya Marekani. Miaka mingi ya habari na sauti za wasikilizaji wa Kiswahili ikabaki katika tovuti ambayo hatima yake inaamuliwa na bajeti ya nchi nyingine.

5.0 Nchi au lugha

Denmark iliingiza intaneti katika sheria yake ya kuwasilisha nakala maktaba mwaka 2005, na Uingereza ilifanya hivyo kwa kanuni za 2013. Sheria za Afrika Mashariki, kama ile ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania ya 1975, zilitungwa zikiwaza karatasi. Jibu la haraka ni kuziongezea kifungu, na lifanyike. Hata hivyo, mfumo wa Uingereza huanzia kwenye anwani za kitaifa, na hapo ndipo Kiswahili kingeponyoka. Blogu ya Muhidin Issa Michuzi, iliyoanza 2005, haikuwa chini ya .tz bali chini ya blogspot.com. Jikomboe, blogu ya Ndesanjo Macha iliyowafungulia wengi njia, iliandikwa na Mtanzania aliyekuwa akiishi Marekani. Maktaba ya nchi gani ingedaiwa? Mwandishi wa Bukavu anayejibiwa na msomaji wa Muscat hana kifungu kinachomhusu popote.

Chombo chenye sura ya kulijibu swali hilo kipo. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao Zanzibar, imepewa jukumu la lugha na si la eneo. Ingeweza kubeba orodha ya pamoja, huku nakala zenyewe zikikaa katika maktaba za taifa zaidi ya moja. Sharti hilo la pili si la kupuuzwa: Maktaba ya Uingereza ilishambuliwa na wadukuzi Oktoba 2023, Internet Archive mwaka mmoja baadaye, na zote mbili zilizima huduma. Makundi ya WhatsApp yatahitaji ridhaa ya wanachama, na mengine yatakataa kwa haki. Kazi ya kuanzia haihitaji sheria wala mtambo mkubwa. Ni kuorodhesha blogu na tovuti za Kiswahili za miaka ya 2000 hadi 2010, na kuwaomba wenyewe ruhusa na nakala, wakati wengi wao bado wako hai na baadhi bado wanakumbuka nywila zao.