Jua Likukute Usagara

Mtu wa Sikonge akitaka kuona milima kwa treni, huanzia mahali pasipo na milima wala reli. Wilaya yetu ni miombo na tambarare, mizinga juu ya miti na mabani ya tumbaku kando ya mashamba. Stesheni ya karibu iko Tabora, na hata huko unafika kwa basi. Anayekaa jirani na stesheni anaweza kuamka, akaenda dirishani, akakata tiketi. Sisi wa mbali hatuna budi kukaa chini na kupanga. Na kupanga safari ya reli, ile ya kwenda kutazama nchi na si ya kuwahi mazishi wala mzigo, ni ufundi kamili, wenye mafundi wake na kanuni zake. Ninaupenda ufundi huu, na naona haujapata sifa unayostahili.

Ratiba ya treni hukuambia utaondoka saa ngapi na kufika saa ngapi. Haikuambii utakuwa wapi jua likichomoza. Kwa mfanyabiashara anayewahi Kariakoo hilo halina uzito. Kwa aliyelipa nauli ili aone milima, ndilo jambo lenyewe, maana milima ikipitwa usiku hakibaki kitu ila mlio wa magurudumu na baridi ya dirishani. Kwa hiyo fundi haanzi na saa ya kuondoka. Huanza na usiku: giza litatukuta wapi, na hapo litakapotukuta, tutakuwa tumekosa nini?

Nilifundishwa na mjomba wangu, aliyekuwa gadi kwenye treni za reli ya kati kabla hajastaafu na kurudi huku kufuga nyuki. Daftari lake ni la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Kila safari ina kurasa mbili zinazotazamana. Kushoto ameandika majina ya stesheni kutoka juu hadi chini kwa kalamu ya wino, kwa sababu stesheni hazihami. Kulia ameandika saa kwa penseli, kwa sababu saa huhama. Saa za usiku amezitia kivuli kwa ubavu wa penseli, taratibu, bila kuvuka mstari. Karatasi imekonda kwa kufutwa. Nikimpelekea mpango wangu huusoma kimya, kisha huweka kidole mahali.

“Mpwa wangu, hapa Gulwe uko macho au umelala?”

Nikimjibu kwamba nimelala, hunirudishia daftari.

Kuna jambo moja katika daftari hilo ambalo sijaliona kwenye ratiba yoyote ya kuchapwa. Pembeni, mbele ya kila stesheni kubwa, ameandika saa ya jua kuchomoza na ya kutua. Nchi yetu yote hutumia saa moja, lakini jua halifuati amri hiyo. Mwezi Juni jua hutua Tabora kama nusu saa baada ya kutua Dar es Salaam, na asubuhi Tabora hukaribia saa 1 ndipo lichomoze. Anayesafiri kwenda mashariki hupata mapambazuko ya mapema zaidi kila anaposonga, na jioni yake humkimbia. Nusu saa hiyo inaweza kuwa bonde zima la mto.

Ufundi huu haukuanza na reli. Miaka mingi kabla ya chuma cha kwanza kutandikwa, watu wa Unyamwezi walikuwa wakishuka pwani na kurudi kwa miguu, mpagazi akibeba mzigo wa kama frasila mbili, na kila msafara ukiwa na kirangozi wake mbele, mwenye bendera. Kati ya Unyanyembe, yaani nchi ya Tabora, na Ugogo lilikuwapo pori la Mgunda Mkali, ambako kati ya kisima na kisima palikuwa na mwendo wa kumwangusha mtu. Msafara haukuanza pori la namna hiyo alfajiri kama siku nyingine. Watu walipumzika kwenye maji hadi mchana, wakapika, wakanywa, wakajaza vibuyu, ndipo wakaondoka alasiri. Walitembea hadi giza, wakalala pakavu, wakaamka mapema na kufika maji ya pili kabla jua halijawa kali. Mwendo huo waliuita terekeza. Ukiitazama vizuri, terekeza ni ratiba iliyoandikwa kuanzia mahali pa kulala, si kuanzia mahali pa kuondokea. Aliyeibuni alikuwa fundi kuliko wote tunaowajua, na hakuacha jina.

Na kirangozi hakupanga kwa maji peke yake. Alipanga kwa hongo ya watemi wa Ugogo, kwa posho iliyobaki na kwa habari za vita. Mwaka 1871 msafiri Stanley alikwama Kwihara, nje kidogo ya Tabora, kwa sababu vita vya mtemi Mirambo vilikuwa vimefunga njia ya kwenda Ujiji. Msafara wake ukazunguka kusini kupitia Ugunda na Ukonongo, katika misitu ya huku kwetu, ndipo ukaelekea ziwani. Vitabu vinamsifu yeye. Mimi huwafikiria wale waliokuwa wakijua, usiku kwa usiku, kambi itakayofuata ina maji au haina.

Reli ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Kwa sehemu kubwa ilifuata upande ule ule wa misafara. Ilipofika milima ya Usagara iliingia bonde la mto Mkondoa, baina ya Kilosa na Gulwe, kwa kuwa mto ulikwisha kuikata milima na gharama ya kuikata upya ingekuwa kubwa. Mto haukusahau. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalibomoa reli katika bonde hilo vibaya, na halikuwa tukio la pekee. Ndiyo maana katika daftari la mjomba kurasa za Machi na Aprili, wakati wa masika, ni tupu.

Sasa tupange. Kutoka Tabora reli inapita Igalula, Goweko, Tura, kisha Itigi na vichaka vyake vizito, hadi Manyoni. Hapa naruhusu giza. Si kwa kuidharau nchi hiyo, bali kwa sababu usiku lazima uangukie mahali fulani, na tambarare huuvumilia usiku kuliko mlima. Halafu treni inashuka ukingo wa Bonde la Ufa karibu na Saranda. Hapo nataka kuwa macho, kifungua kinywa mkononi, maana Saranda abiria wamezoea kushuka kununua kuku, na kwa sababu mteremko ule ndio mwinuko wa kwanza wa kweli anaouona mtu aliyekulia Sikonge. Nchi inafunguka chini yako kuelekea Kintinku na Bahi, na unaelewa kwa macho kitu ambacho mwalimu wa jiografia alikichora ubaoni.

Dodoma nalala, hata kama kuna treni inayoendelea. Wengi hubisha hapa. Wanaona usiku wa hoteli ni pesa iliyopotea wakati safari inaweza kwisha. Lakini anayeunganisha moja kwa moja hatari yake ni kuifikia Usagara gizani, na Usagara ndiyo iliyomtoa nyumbani.

Asubuhi kuna njia mbili, na ni vizuri kujua unachokichagua. Reli mpya ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na Dodoma ikafikiwa Julai mwaka huo. Treni ya umeme inakwenda hadi kilomita 160 kwa saa, na milima ya Kilosa inaipita kwa madaraja marefu na mahandaki. Kwa mwendo huo handaki la kilomita moja huchukua sekunde zisizofika 25. Ni kazi ya kujivunia, na mwanga unapokupiga usoni ukitoka upande wa pili wa mlima, watoto hupiga kelele, na watu wazima nao. Reli ya zamani haina haraka. Inapindapinda na mto, inapunguza mwendo kwenye kila kona, na unaweza kuona mama anayepalilia, mbuzi juu ya mwamba, mkondo wa maji ya kahawia chini ya dirisha. Ushauri wangu ni kwenda kwa moja na kurudi kwa nyingine, ukipata siku za kutosha. Ukiwa na siku chache, na kama kuna treni ya abiria ya zamani itakayopita bonde lile mchana, chukua ya zamani.

Kiti nacho kina hesabu yake. Mwezi Juni jua letu hupita upande wa kaskazini. Ukielekea mashariki, kaskazini ni kushoto, kwa hiyo anayekaa kulia ana kivuli na anaitazama nchi ikiwa imeangazwa vizuri. Upande huo huo wa kulia ndiko Uluguru inakosimama, juu ya mji wa Morogoro. Ukirudi, kila kitu kinageuka. Mkata tiketi akikuuliza unataka kiti gani, usijibu “chochote tu.”

Kuna nchi ambazo ufundi huu umeingizwa ndani ya ratiba yenyewe. Uswisi, tangu 1982, treni zao huondoka kwa dakika zile zile kila saa, hivyo ukichelewa moja unajua ijayo bila kuuliza. Njia yao ya Bernina, iliyokamilika mwaka 1910, hupanda hadi mita 2,253 bila reli ya meno, na mtalii akilala kituo kimoja anaendelea kesho saa ile ile. Ni raha, lakini kazi ya kupanga wamefanyiwa. Kwetu treni ya masafa marefu inaweza kuwa na siku mbili tu kwa wiki, na sehemu zote hazitumii reli moja: ya kati ni ya milimita 1,000, TAZARA ya kwenda Zambia 1,067, SGR 1,435. Behewa la moja haliwezi kupita juu ya nyingine. Kila makutano ni kushuka, kubeba mizigo, kuuliza, kulala. Ndiyo maana hapa mpangaji anahesabika. Huweka usiku mmoja wa akiba katika kila mji wa kubadilisha treni, na usiku huo ndio unaomwokoa treni ikichelewa.

TAZARA ndiyo sura kubwa ya daftari. Ilijengwa kati ya 1970 na 1975, ikakabidhiwa rasmi Julai 1976, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Sehemu ngumu kuliko zote ni Mlimba hadi Makambako, ambako reli inaliacha bonde la Kilombero na kupanda hadi zaidi ya mita 1,600, handaki baada ya handaki, huku daraja la Mpanga likiwa limesimama juu ya nguzo ndefu. Waliokufa kazini miongoni mwa Wachina walioijenga, baadhi yao wamezikwa Gongo la Mboto, na anayepanda treni hii angefanya vyema kupita pale kwanza.

Kwa ratiba iliyozoeleka miaka mingi, treni inayotoka Dar es Salaam mchana huingia eneo la wanyamapori la Selous ya zamani jioni, wakati wanyama wanatoka, kisha Kilombero hupitwa usiku. Mapambazuko hukukuta kwenye kupanda au karibu na kumaliza. Unapata twiga na unapata mahandaki ya juu, lakini unaikosa Udzungwa kabisa. Si kosa dogo. Ukuta ule wa milima, wenye maporomoko ya Sanje ya mita 170, unatazama mashariki, yaani unatakiwa kuonwa asubuhi jua likiupiga. Jioni jua huwa nyuma yake na kila kitu ni kivuli.

Msimu ninaouchagua ni Juni. Shule zimefungwa, soko la tumbaku limekwisha kufunguliwa na kuna fedha nyumbani, mvua zimepita ila majani hayajakauka. Ukingoja Septemba, moshi wa mioto ya porini hufunika milima yote kuanzia Rubeho, na utakuwa umelipa nauli kutazama ukungu.

Sifa ya TAZARA kwa mtu wa Sikonge ni kwamba haimlazimu kurudi alikotoka. Akishuka Mbeya, lipo basi la Tabora linalopanda milima ya Mbeya, likateremkia Chunya, likapita Makongolosi na Rungwa, likatokea Ipole na kumshusha mlangoni. Ni mzunguko mzima: Tabora, Dodoma, Morogoro, Dar es Salaam, Makambako, Mbeya, nyumbani.

Na mzunguko una pande mbili. Mjomba amekuwa akiuandika ukizungukia kulia maisha yake yote, Dodoma kwanza. Mwaka huu nimempelekea ulioandikwa kinyume: basi hadi Mbeya, TAZARA ya kushuka, giza liangukie Makambako na mahandaki yapitwe usiku, ili tuwe na nafasi ya kuifikia Kilombero alfajiri, Udzungwa ikiwa upande wa kushoto na jua likiwa limeikabili. Tunakosa handaki, tunapata ukuta. Ameushika mpango huo siku kadhaa sasa. Jana nilipopita kumsalimu alikuwa amefuta saa za Ifakara na kuziandika upya, dakika arobaini mbele, na pembeni ameuliza kwa penseli kama nimekumbuka kwamba Juni kunapambazuka kwa kuchelewa.