Neno "Akisi" katika Jiometri

Miongoni mwa istilahi za hisabati katika Kiswahili, "akisi" yastahili kuchunguzwa kwa makini. Katika mchoro wa majira ya nukta, kuakisi umbo ni kulichora upya upande wa pili wa mhimili, kila nukta na mwenziwe zikiwa umbali mmoja kutoka mhimili huo, na mstari unaoziunganisha ukiukata mhimili kwa pembe mraba. Ufafanuzi huu ni wazi. Matata yamo katika maneno yawekwayo badala yake.

"Geuza" lina maana nyingi mno. Mpishi hugeuza chapati, na dereva hugeuza gari. La kwanza ni kupindua upande, la pili ni kuzungusha. Pembetatu yenye ncha (1,1), (4,1) na (4,3), ikiakisiwa kwa mhimili wa y, hupata ncha (-1,1), (-4,1) na (-4,3). Ikizungushwa nusu duara penye makutano ya mihimili, hupata (-1,-1), (-4,-1) na (-4,-3). Mwanafunzi aliyeambiwa "geuza" tu hawezi kulaumiwa kwa kuchora ya pili.

"Kivuli" nacho hakifai, maana kivuli hurefuka jioni na kufupika adhuhuri, ilhali uakisi haubadili urefu wala pembe. Ubadilishacho ni mwendo wa ncha: zilizofuatana kinyume cha mwendo wa saa hufuatana sasa kama saa iendavyo. "Kinyume" liko karibu zaidi, kwani asili ya "akisi" ni neno la Kiarabu lenye maana hiyo. Lakini katika mchezo wa kusema kinyume, ambao Steere aliueleza katika kitabu chake cha 1870, silabi ya mwisho hupelekwa mwanzoni. Huo ni uhamisho, si uakisi.

Hata "akisi" lenyewe lahitaji kutumiwa kwa uangalifu. "Kuakisi kwenye mhimili wa y" kwaweza kufahamika kuwa ni kuliweka umbo juu ya mhimili wenyewe. Tena kutajwa kwa y humvuta mwanafunzi abadili alama ya y, kumbe y hudumu na x ndiyo ibadilikayo. Yafaa zaidi kusema: "Akisi umbo, mhimili wa y ukiwa kioo." Hapo yafahamika kwamba kioo hakihami, na kwamba kilicho kuliani huonekana kushotoni kwa kimo kile kile.

Mifano nayo ina sehemu yake katika kosa. Mraba ambao pande zake zaenda sambamba na mihimili, ukiakisiwa, huonekana kama uliosogezwa tu, na maana ya neno hupotea. Umbo lisilo na pande za kufanana ndilo lipimalo ufahamu.

Basi "akisi" na libaki kwa kazi hii moja, "zungusha" kwa mzunguko, na "sogeza" kwa uhamisho. Likihitaji kufasiriwa, "kunja" latosha: karatasi ikikunjwa penye mhimili, ncha huangukia ncha. "Geuza" liachiwe mpishi na dereva.