Benson Wanjau na Sanaa ya Kuvaa Lafudhi

Mwigizaji hupimwa kwa namna anavyotoweka ndani ya mhusika, yaani nafsi ya kubuni anayoipa mwili na sauti, na kwa kipimo hicho ni wachache katika Afrika Mashariki waliomfikia Benson Wanjau, ambaye Wakenya walimjua kwa miongo kadhaa kama Mzee Ojwang wa kipindi cha Vitimbi katika televisheni ya taifa. Wanjau alikuwa Mkikuyu, ilhali mzee aliyemwigiza alikuwa Mjaluo, na hapo ndipo ulipo uzito wa kazi yake.

Kiini cha kazi hiyo kilikuwa lafudhi, yaani matamshi yanayofichua lugha ya kwanza ya msemaji. Kijaluo hakina sauti "sh", kwa hiyo "shamba" kinywani mwa mzee wa Kijaluo huweza kusikika "samba". Kikuyu nacho hakina "l", ndiyo maana wazungumzaji wake wengi huichanganya na "r". Mwigizaji aliyelelewa katika Kikuyu alipaswa basi kuficha dalili za lugha ya mama yake na papo hapo kuvaa za jirani, asiteleze hata mhusika anapofoka kwa hasira. Lafudhi ikivaliwa ovyo huwa dhihaka kwa kabila zima, lakini Wanjau aliivaa kwa heshima, na watazamaji wakampenda mzee yule kama wa nyumbani mwao.

Umahiri huo ulikuwa na gharama zake. Jina la mhusika lilimeza la mwenyewe, na ndoa yake ya kuigiza na Mama Kayai, aliyeigizwa na Mary Khavere, ilisadikisha hata wengi wakaidhania ya kweli. Umaarufu nao haukuleta utajiri, kwani macho yalipomsumbua uzeeni, wananchi walichanga fedha za matibabu, na alipofariki Julai 2015, wengi walimlilia kwa jina la Ojwang. Mchango ule ulithibitisha mapenzi ya hadhira, lakini mapenzi hayachukui nafasi ya bima ya afya wala ya mrabaha, yaani malipo anayostahili msanii kila kazi yake inaporushwa upya.

Katika nchi ambako siasa za ukabila zimemwaga damu, sanaa iliyomwezesha mtu wa jamii moja kupendwa kwa sura ya jamii nyingine ni huduma kwa taifa, na anayeitoa anastahili kulipwa angali hai na kukumbukwa kwa jina lake mwenyewe.