Kabla ya Mazungumzo: Darasa la Filamu la UCLA na Uhakiki wa Filamu ya Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanaliangalia darasa la utengenezaji wa filamu la Chuo Kikuu cha California, Los Angeles (UCLA), katika miaka ya 1970, kwa lengo la kuhoji namna tunavyohakiki na kusahihisha filamu za Kiswahili. Hoja yetu ni kwamba zoezi la kwanza la darasa hilo, lililomnyima mwanafunzi mazungumzo, lilizaa stadi ya usimulizi ambayo vigezo vya fani na maudhui, kama tulivyovirithi kutoka katika uhakiki wa tamthilia, haviioni. Tunapendekeza kuwa sarufi ya Kiswahili yenyewe, hususan viambishi -ka- na -ki-, inaweza kumpa mhakiki lugha ya kuijadili stadi hiyo.

Utangulizi

Mhakiki wa Kiswahili anapoikabili filamu, aghalabu huanza kwa kuisikiliza. Huyanakili mazungumzo, kisha huyachambua kama ambavyo angeichambua tamthilia: dhamira, migogoro, wahusika, methali, misemo, uchanganyaji ndimi. Picha hutajwa chini ya kichwa cha mandhari, kwa aya moja au mbili, na kazi huendelea. Desturi hii ina sababu zinazoeleweka. Filamu iliingia katika idara zetu kupitia mlango wa fasihi na sanaa za maonyesho, na zana zilizokuwapo mkononi ndizo zilizotumika. Lakini zana hizohizo zinapotumika kusahihisha filamu iliyotengenezwa na mwanafunzi, madhara huwa makubwa zaidi kuliko upungufu wa makala moja ya uhakiki. Mwanafunzi hujifunza kuwa alama zimo kinywani mwa mhusika, naye huandika kwa kufuata zilipo alama.

Ili kuona jambo hili kwa umbali kidogo, tutalitazama darasa ambalo lilianza kinyume cha hivyo.

Zoezi lisilo na mazungumzo

Mwishoni mwa miaka ya 1960, kufuatia shinikizo la wanafunzi na misukosuko iliyoutikisa mji wa Los Angeles, UCLA ilianzisha programu iliyolenga kuwaingiza katika masomo ya filamu wanafunzi Weusi, Wamarekani wenye asili ya Asia na ya Meksiko, na Wamarekani Asilia. Mhadhiri Mweusi, Elyseo Taylor, alikuwa miongoni mwa waliosimamia juhudi hizo. Baadaye Teshome Gabriel, Mwethiopia, alifundisha hapo nadharia ya sinema ya Ulimwengu wa Tatu, na mwaka 1982 akachapisha kitabu kuhusu mada hiyo. Kundi la waongozaji waliopitia hapo, Charles Burnett, Haile Gerima, Larry Clark, Jamaa Fanaka, Julie Dash, Billy Woodberry na wenzao, limekuja kujulikana kwa jina alilolibuni mhakiki Clyde Taylor, L.A. Rebellion, yaani uasi wa Los Angeles.

Historia hiyo imekwisha kusimuliwa kwa upana kwa upande wa siasa. Kinachotuhusu hapa ni jambo dogo la ufundi. Filamu ya kwanza ambayo mwanafunzi alitakiwa kuitengeneza, iliyoitwa Project One, ilipigwa kwa utepe wa milimita 8, bila mazungumzo yaliyorekodiwa sambamba na picha. Sauti, ikiwapo, iliwekwa baadaye. Mwanafunzi huyohuyo alibuni kisa, akakiongoza na kukihariri. Gerima alitengeneza kwa njia hiyo Hour Glass (1971), kisa cha kijana mcheza mpira wa kikapu anayeanza kujiuliza anawachezea akina nani. Swali hilo halitamkwi katika majibizano. Huulizwa kwa kuziweka pamoja picha za uwanjani, za watazamaji na za kitabu mkononi.

Mtu anaweza kudai kuwa huo ulikuwa upungufu wa vifaa tu, na kwa sehemu ni kweli: vifaa vya kurekodi sauti pamoja na picha vilikuwa ghali, na wanaoanza hawakupewa. Hata hivyo, zoezi linapimwa kwa kile kinachobaki kwa mwanafunzi hata baada ya kupewa vifaa kamili. Burnett alipowasilisha Killer of Sheep kama filamu ya tasnifu ya Shahada ya Uzamili mwaka 1977, alikuwa na sauti, na bado aliitumia kwa uchoyo. Inafaa kukumbuka pia kuwa mmoja wa walimu waliomwathiri hapo alikuwa Mwingereza Basil Wright, mwongozaji wa Song of Ceylon (1934), bingwa wa filamu za hali halisi aliyetoka katika zama ambapo picha na sauti zilishughulikiwa kama malighafi mbili tofauti.

Injini na dansi

Killer of Sheep inamhusu Stan, mfanyakazi wa machinjio katika kitongoji cha Watts. Ilipigwa kwa utepe wa milimita 16, nyeusi na nyeupe, kwa kiasi kikubwa mwishoni mwa juma, wengi wa waigizaji wakiwa si wa kulipwa, na kwa gharama isiyofika dola 10,000. Haina msuko kwa maana tunayowafundisha wanafunzi wetu. Hakuna mgogoro unaopanda hadi kilele na kuteremka. Ina matukio.

Katika tukio mojawapo, Stan na rafiki yake wananunua injini ya gari iliyotumika. Wanaibeba kwa taabu wakishuka ngazi, wanaiweka ukingoni mwa gari dogo la mizigo, wanabishana kidogo kama iko salama, wanaondoka, nayo inaanguka na kuharibika. Mazungumzo yote ya tukio hili yakinakiliwa hayawezi kujaza hata nusu ukurasa, na hakuna humo kauli yenye kubeba dhamira. Mhakiki anayetafuta kauli ya kunukuu kuhusu umaskini wa wafanyakazi Weusi atatoka mikono mitupu. Dhamira imo katika uzito, katika muda ambao Burnett anautoa ili mtazamaji aone jinsi wanaume wawili wanavyoshusha chuma hatua kwa hatua, na katika picha ya mwisho ambapo kamera iliyo juu ya gari inaitazama injini ikizidi kuwa ndogo barabarani.

Hapa ndipo sarufi yetu inaposaidia. Msimulizi wa Kiswahili angesema: wakainunua, wakaibeba, wakaipakia, wakaondoka, ikaanguka. Kiambishi -ka- huonyesha tendo linalofuata jingine, na mara nyingi linalotokana nalo, bila msimulizi kulazimika kutamka uhusiano huo. Mkato katika filamu hufanya kazi inayokaribiana sana na hiyo. Huziweka picha mbili kwa mfuatano na kumwachia mtazamaji aone tokeo. Katika tukio la injini, mlolongo wa -ka- unavunjwa kwa kubadilisha kiima: watendaji wote walikuwa Stan na mwenzake, hadi kitenzi cha mwisho, ambapo mtendaji ni chuma. Hatudai kuwa Burnett aliwazia kwa Kiswahili. Tunadai kuwa mhakiki wa Kiswahili anayo istilahi ya kulieleza jambo hili kwa usahihi, na kwamba haitumii.

Tukio la pili ni maarufu zaidi. Stan na mkewe, anayeigizwa na Kaycee Moore, wanacheza dansi polepole mbele ya dirisha, nyimbo ya Dinah Washington ikisikika. Ni shoti moja, yaani kipande kimoja cha picha kisichokatwa, na kamera haiwakaribii. Mke anamkumbatia mumewe, anamtafuta kwa mikono. Nyimbo inapokwisha, Stan anaondoka. Maneno ya mke yanakuja baada ya hapo, akiwa peke yake, hana wa kumsikia.

Hapa -ka- haifai. Hakuna kinachofuata kingine. Kuna tendo linaloendelea tu. Kinachohitajika ni -ki-: wakicheza. Na wasomaji wa jarida hili hawahitaji kukumbushwa kuwa -ki- hiyohiyo hubeba masharti. Wakicheza ni wakati ule walipokuwa wanacheza, na ni endapo watacheza. Shoti hii inaishi katika utata huo. Kwa muda wote nyimbo inapoendelea, mke yumo ndani ya sharti: akiitika, kitu fulani kitarudi katika nyumba hii. Mkato wowote ungeamua jambo mapema mno. Kwa kutokata, mwongozaji analiacha sharti wazi hadi Stan anapolifunga kwa kuondoka. Uchambuzi wa wahusika utatuambia kuwa Stan ni mhusika aliyechoka na aliyejitenga, na hautakuwa umekosea, lakini utakuwa umeeleza kile ambacho muhtasari wa filamu ungeweza kueleza pia.

Mlinganisho huu una mipaka yake. -ka- ina matumizi mengine, kama katika amri za aina ya nenda kamwone, ambayo hayana mwenza dhahiri katika uhariri wa picha. Na iko mikato isiyo na mfuatano wowote wa wakati. Hatupendekezi nadharia, bali mahali pa kuanzia.

Jina lisilo na kiunganishi

Mmoja wa wanafunzi wa UCLA, aliyezaliwa Walter Gordon, aliamua kujiita kwa maneno mawili ya Kiswahili, Jamaa Fanaka. Alikusudia jina hilo libebe wazo kwamba kwa umoja tutapata mafanikio. Msahihishaji mkali angemrudishia: hakuna -a unganifu, hakuna kitenzi, nomino mbili zimewekwa sambamba. Kwa mwanafunzi wa uhariri, hata hivyo, jina hilo ni sahihi kabisa. Ni picha mbili na mkato katikati. Uhusiano unajengwa na anayelisoma. Fanaka huyo alifanya jambo ambalo ni vigumu kulirudia: filamu zake ndefu tatu za kwanza, Welcome Home Brother Charles (1975), Emma Mae (1976) na Penitentiary (1979), alizitengeneza angali mwanafunzi.

Umoja aliouwazia ulikuwa pia utaratibu wa kazi. Burnett alishiriki kupiga picha za Bush Mama ya Gerima, na baadaye akaandika mswada na kupiga picha za Bless Their Little Hearts (1984) ya Woodberry. Huu ni uanagenzi kwa maana yake ya zamani, ila hakuna fundi mkuu. Kila mmoja ni fundi leo na mbeba taa kesho. Mwongozaji aliyewahi kuibeba kamera ya mwenzake huandika mswada kwa namna nyingine, kwa kuwa anajua ni sentensi gani haiwezi kupigwa picha.

Bush Mama yenyewe inatuzuia kudhani kuwa somo la UCLA lilikuwa kimya tu. Filamu hiyo imejaa sauti: maswali ya maofisa wa ustawi wa jamii yanapishana na kurudiwa juu ya uso wa Dorothy, hadi maneno yanageuka kuwa kelele inayomzingira. Mwanzoni tunaona polisi wakiwasimamisha watu mtaani, na watu hao ni wapigapicha wa Gerima mwenyewe, waliosimamishwa kweli walipokuwa kazini. Lugha imo tele, ila imeshughulikiwa kama kitu kinachosikika kabla ya kuwa kitu kinachomaanisha. Mtu aliyeanza kwa kunyimwa mazungumzo huyarudia akiwa hayachukulii kuwa ya kawaida.

Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza ni kwamba utamaduni wa Waswahili ni utamaduni wa neno: majibizano, mafumbo, utani, vichekesho. Filamu yetu ikisema sana, inasema kwa haki. Pingamizi hili ni zito na hatulipuuzi. Lakini tujiulize tunayajua vipi hayo majibizano. Watafiti wa fasihi simulizi wamelalamika kwa miongo mingi kuwa ngano ikishaandikwa, mkono wa fanani, kituo chake, jicho analomtupia mtoto aliyesinzia, vyote hupotea. Tumewafundisha wanafunzi kuusikitikia upotevu huo. Kisha tunachukua filamu, ambayo imevihifadhi vitu hivyohivyo, na kwa hiari yetu tunaigeuza kuwa maandishi ya mazungumzo.

Pingamizi la pili linahusu ufukara. Kuisifu filamu iliyotengenezwa kwa senti chache kunaweza kugeuka kisingizio cha kutowapa wanafunzi wetu vifaa. Hapa mfano wa Burnett unaonya zaidi kuliko unavyofariji. Nyimbo alizozitumia hazikuwa zimelipiwa hakimiliki, jambo ambalo kwa filamu ya darasani halikuwa na athari. Athari zilikuja baadaye. Filamu ilipata tuzo ya wahakiki katika tamasha la Berlin mwaka 1981, ikaingizwa katika Rejista ya Taifa ya Filamu ya Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 1990, lakini haikuweza kuonyeshwa kibiashara hadi mwaka 2007, baada ya hakimiliki za nyimbo kulipiwa takriban dola 150,000. Miaka 30 ni adhabu ndefu kwa somo ambalo lingefundishwa kwa juma moja. Mwanafunzi wa Dar es Salaam au Mombasa anayeweka taarabu chini ya picha zake angestahili kulisikia kabla hajaanza kuhariri.

Ukimya wa Samehe

Uhusiano wa darasa hilo na filamu yetu si wa kinadharia pekee. Barbara O. Jones, aliyemwigiza Dorothy katika Bush Mama, na baadaye Yellow Mary katika Daughters of the Dust (1991) ya Julie Dash, ndiye aliyemwigiza Daktari Asira katika Maangamizi: The Ancient One, filamu ya Martin Mhando na Ron Mulvihill iliyopigwa nchini Tanzania kwa Kiingereza na Kiswahili. Anayemkabili ni Amandina Lihamba, profesa wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na mmoja wa waandishi watatu wa tamthilia ya Harakati za Ukombozi (1982). Lihamba anamwigiza Samehe, mgonjwa aliyenyamaza kwa miaka mingi.

Mwandishi wa tamthilia, mtu ambaye kazi yake ni kuwapa wengine maneno, amepewa uhusika usio na maneno, na anaubeba kwa shingo, macho na namna ya kuketi. Mbele yake yupo mwigizaji aliyekomazwa na filamu za wanafunzi waliofunzwa kuanza bila mazungumzo. Matukio yao ya pamoja yamejaa -ki-: daktari akisubiri, mgonjwa akitazama, na sharti likiwa wazi kati yao. Vigezo vya tamthilia vikitumika, mhusika mkuu wa matukio hayo atakuwa Asira, kwa kuwa ndiye anayesema. Mtu akiitazama filamu hiyo baada ya kupunguza sauti, ataona kuwa kamera inamsubiri Samehe.