Lifti ya Viti Ilikuja Mapema Mno

Kumpandisha yule mtoto kwenye lifti ya viti saa tano asubuhi lilikuwa kosa, nami nalisema mwanzoni ili msomaji asisubiri utetezi. Video mmeiona. Tangu Jumamosi inazunguka kwenye simu za Waswahili wa hapa Minnesota, na wengi wameipigia makofi. Binti wa miaka minne, mkanda kifuani, kamba mbili kutoka mgongoni hadi mikononi mwa mjomba wake, wanashuka kwa ski njia ya kijani, ile rahisi, kutoka juu hadi chini na haanguki hata mara moja. Huko kutoanguka ndiko kulikowapoteza watazamaji.

Irudisheni hadi wanapopita nguzo ya pili ya lifti, mtazame miguu, uso uacheni. Magoti yamenyooka. Makalio yako nyuma ya visigino. Muundi umeachana na ulimi wa buti. Pizza ipo, mikia ya ski imetanuka na ncha zimekaribiana, lakini ski zenyewe zimelala bapa juu ya theluji, na pizza ya namna hiyo haifungi breki. Breki inatoka kwenye kingo za ndani, nazo haziumi theluji mpaka mtoto aegemeze miundi mbele, uzito uje katikati ya ski. Kamba inayovuta kutoka mabegani inampeleka kinyume: uzito unarudi visiginoni, ncha zinakuwa nyepesi, kingo zinaachia, kasi inaongezeka, na mjomba anazidi kuvuta. Mpaka wanafika chini, anayepunguza mwendo ni mtu mzima peke yake. Mtoto ameegemea kamba, na mwili wake umeshika somo kwamba kusimama ni kazi ya aliye nyuma. Somo hilo litachukua wiki kadhaa kulifuta.

Sasa itafuteni ile video fupi ya kwanza, ya kwenye zulia linalowapandisha wanaoanza, ambayo hakuna aliyeisambaza. Shangazi yake amesimama chini kidogo upande wa kushoto, ameinua glavu nyekundu. Mtoto anaitazama. Kichwa kinageuka, bega linafuata, mguu wa kulia unakandamiza, na ski zote mbili zinakwenda kushoto kuifuata glavu. Halafu mteremko unaisha, panakuwa tambarare, anasimama mwenyewe bila kushikwa na mtu. Hiyo ilikuwa kona yake ya kwanza ya kweli! Ilitaka kurudiwa pale pale: glavu ihamie kulia, irudi kushoto, isogee mbali kidogo, mpaka mguu uzoee. Badala yake inasikika sauti ya mjomba: "Ameshaiva, twende juu."

Hakuwa ameiva. Kichwa cha mtoto wa umri huo ni kizito kwa mwili wake, na juu yake kuna helmeti. Mapaja yake hayawezi kubana pizza kwenye mteremko mrefu. Ndiyo maana anatafutiwa mahali ambapo akikosea, ardhi yenyewe inamsimamisha. Zulia lina mahali hapo. Njia ya kijani inayoanzia kileleni, hata iwe rahisi namna gani kwa mtu mzima, haina.

Na lifti yenyewe ilipandwa vibaya. Kiti kinakuja kwa mwendo wake wa kawaida na kinamfika mtoto mgongoni, mjomba anamnyanyua kwa mkono mmoja, chuma cha usalama kinashushwa wakati tayari wako hewani. Mhudumu wa lifti yuko pale pale kwenye kibanda chake. Akiombwa anapunguza mwendo, hata anasimamisha kabisa. Hakuombwa. Baada ya hapo ni kukaa kimya kwenye upepo, asubuhi ya nyuzi 12 chini ya sifuri, na mtoto hupoteza joto upesi kuliko mtu mzima kwa sababu ngozi yake ni kubwa ukilinganisha na uzito wake. Wanaposhuka juu, kidevu kinatetemeka. Wengi walidhani ni furaha.

Mavazi yalikuwa sawasawa, soksi jozi moja nyembamba ya sufu kama ninavyohubiri kila msimu, na fimbo waliziacha nyumbani. Vizuri.

Nimelipiga kelele jambo hili miaka mingi: uamuzi wa lifti hufanywa kwenye dirisha la tiketi. Mjomba alinunua tiketi ya kilima kizima wakati vilima vingi vinauza ya zulia pekee kwa bei ya chini. Ukishalipa, ukishaendesha gari saa nzima, fedha zinaanza kukusukuma mgongoni. Na chini wamejaa ndugu wenye simu wanaotaka picha ya kileleni.

Katika maoni chini ya video, kila wa pili amemtaja Sabrina Simader. Haya, tumtaje. Alizaliwa Kilifi mwaka 1998, akahamia Austria na mama yake akiwa na miaka mitatu, baba yake wa kambo akampandisha kwenye ski, na mwaka 2018 kule PyeongChang akawa mwanamke wa kwanza wa Kenya kwenye Olimpiki ya majira ya baridi. Lakini Sabrina alihamia kwenye milima yenyewe, akaweza kucheza kidogo leo na kidogo kesho. Anayekuja mara chache kwa msimu hawezi kumtumia kama kibali cha kuharakisha.

Mfano wetu uko karibu zaidi. Kilima cha Buck Hill pale Burnsville hakifiki mita 100 kutoka chini hadi juu, na ndiko Mwaustria Erich Sailer alikomlea Lindsey Vonn, yule wa dhahabu ya kuteremka Vancouver 2010. Kilima kifupi, taa za usiku, kamba ya kuvutia watu juu, na kurudia, kurudia, kurudia. Walimu wa aina ya Sailer walijivunia ufupi wa kilima chao. Walimu wa kukodi wa siku hizi wanauonea aibu, wanamfunga mtoto mkanda saa ya kwanza ili mzazi aone thamani ya fedha yake. Norway, taifa lenye medali nyingi kuliko yote kwenye Olimpiki ya baridi, hairuhusu hata kuwapanga watoto kwa matokeo kabla ya umri wa miaka 11. Nasi tunamshindanisha wa miaka minne na mlima.

Jumamosi ijayo arudishwe kwenye zulia, na shangazi ashike usukani. Kamba ikibidi iwepo, mkanda uteremshwe kiunoni, kamba ilegee muda wote, ikaze kasi inapozidi tu, na ilegezwe tena kabla hajaanza kona. Saa moja inatosha. Akichoka mapema avuliwe buti, aingie kwenye sleji na wenzake: huko nako atajifunza kufunga breki kwa visigino vyake mwenyewe, kuanguka kifudifudi kwenye theluji na kuinuka bila kuvutwa. Mjomba tunamwomba asimame chini, ainue glavu.