Bei ya Fani ya Pili

Katika michezo ya kuigiza ya mezani, ile ya dadu, penseli na hadithi inayotungwa papo kwa papo, kuna swali ambalo watunzi wamepambana nalo tangu mwanzo: mpiganaji akitaka kujifunza uchawi, alipe nini? Kumruhusu ni rahisi. Kumtoza bei ya haki, asiwe mnyonge kuliko wenzake wala asiwafunike, ndiyo kazi ya fundi, na fundi ninayemjua mimi anafundisha hisabati katika shule ya sekondari mjini Meru.

Wachezaji wake wengi walipita darasani kwake, ndiyo maana hadi leo wanamwita Mwalimu, hata anapoigiza sauti ya jitu. Mezani huwa kuna watu wachache, na wanaongezeka akija mwenzao wa Embu, anayepanda matatu alfajiri kupitia Runyenjes na Chuka. Kanuni za kitabu wanazo kwenye karatasi za kuchapisha. Januari 2023, wenye mchezo wanaoucheza, Dungeons & Dragons waliziweka kanuni za msingi za toleo la 2014 chini ya leseni huru ya Creative Commons, baada ya wachezaji wengi duniani kupinga mpango wa kubadilisha leseni ya zamani. Waraka huo una zaidi ya kurasa 400, na yeyote anaweza kuuchapisha pale Makutano, mjini Meru, bila kumwomba mtu ruhusa. Mwalimu alichapisha sura alizozihitaji tu. Kanuni zake mwenyewe ziko katika daftari la hesabu, lile la miraba, na zote ameziandika kwa penseli.

Ili kuona uzuri wa kilichomo humo, inafaa kujua wengine waliamuaje. Gary Gygax na Dave Arneson walipouchapisha mchezo huu Marekani mwaka 1974, fani zilikuwa tatu: mpiganaji, mwanauchawi na kasisi. Mhusika wa jamii ya elfi angeweza kuwa mpiganaji katika safari hii na mwanauchawi katika safari ijayo, ila kubadili katikati ya safari kulikatazwa. Kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978 kikaja na njia mbili. Wasio binadamu walishika fani mbili au tatu kwa pamoja, na pointi za uzoefu zikagawanywa sawa kwa sawa kati ya fani hizo, kwa hiyo walipanda polepole. Binadamu alipaswa kuiacha fani ya kwanza moja kwa moja. Alihitaji alama 15 katika sifa kuu ya fani anayoiacha na 17 katika ile anayoiingia. Kisha, mpaka ngazi yake mpya ipite ile ya zamani, akitumia ujuzi wa zamani hata mara moja, uzoefu wote wa safari hiyo unampotea.

Wengi waliiona kanuni hiyo kuwa ya kikatili. Mimi naiona kuwa bora kuliko zote zilizowahi kuchapishwa kuhusu jambo hili, kwa sababu bei yake hailipwi kwenye karatasi kabla ya mchezo kuanza. Inalipwa ndani ya hadithi, katika saa ya hatari. Fikiria aliyekuwa mpiganaji hodari, sasa ni mwanafunzi wa uchawi mwenye uhodari wa mtoto, na upanga wake uko mgongoni. Rafiki yake ameangushwa na fisi wawili wanakaribia. Auchomoe? Kanuni haimkatazi. Inamwambia tu atakachopoteza, kisha inanyamaza.

Toleo la mwaka 2000 lilifungua milango: kila upandapo ngazi, chagua fani uitakayo. Uhuru huo ulipendwa sana, lakini uliwaumiza wenye uchawi. Mtu aliyepanda ngazi 5 za mwanauchawi na 5 za kasisi alibaki na uchawi wa daraja la 3, huku mwenzake aliyeshikilia fani moja kwa ngazi 10 akiwa amefika daraja la 5. Mwaka 2004 kikatoka kitabu cha kanuni za hiari, Unearthed Arcana, chenye njia ya kumpa mhusika fani mbili kamili kwa wakati mmoja, achukue lililo bora katika kila moja. Njia hiyo hufaa meza yenye watu wachache. Toleo la 2014 lilipatanisha mambo kwa hesabu safi: ngazi za fani za uchawi hujumlishwa ili kupata nafasi za kuutumia, lakini uchawi wenyewe hubaki ule wa kila fani peke yake. Yule wa 5 na 5 sasa ana nafasi za mtu wa ngazi ya 10, hata 2 za daraja la 5, ila hana cha kutia humo isipokuwa uchawi mdogo, anaouongezea nguvu.

Mwalimu alianza na hesabu hiyo, akaanza pia kuona nyufa zake. Ufa wa kwanza ulikuwa wa wapiganaji. Fani 5 za kivita, zikiwemo za mpiganaji wa kawaida, mwindaji na shujaa wa kiapo, kila moja humpa mtu shambulio la pili afikapo ngazi ya 5. Lakini kitabu hakizijumlishi. Mwenye ngazi 3 za mpiganaji na 2 za mwindaji amepigana maisha yake yote, na bado anapiga mara moja pale wenzake wanapopiga mara mbili. Katika daftari la Mwalimu sentensi moja imelitatua tatizo hilo: ngazi zote za fani za kivita zihesabiwe pamoja kwa ajili ya shambulio la pili, na kwa hilo peke yake. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yanayonionyesha ufundi wake. Mtu mwenye huruma tu angeandika nusu ya kwanza akaenda zake.

Hakuyaandika kwa kubahatisha. Akishuku kanuni, huuchukua mpambano ambao tayari umechezwa, akaurudia peke yake jioni, mara kwa kanuni ya kitabu, mara kwa yake, akihesabu nafasi za uchawi kwa punje za maharagwe. Hatafuti nani anashinda. Anatafuta zamu ambazo mchezaji hakuwa na la maana la kufanya. Mhusika akipitisha zamu nyingi bila uamuzi wa kufanya, bei imezidi. Akiwa na jibu kwa kila tatizo hadi wengine wakae wakitazama, bei ni ndogo mno. Kipimo hicho sijakikuta kitabuni, na nadhani ni cha kweli kuliko kulinganisha madhara yanayotokana na silaha.

Ufa wa pili ni mgumu zaidi, na ndio uliompeleka kwenye historia ya hapa nyumbani. Mwanauchawi hujilinda vibaya. Lakini akichukua ngazi 1 tu ya kasisi wa uponyaji, anapata ruhusa ya kuvaa deraya nzito na kubeba ngao, na anachopoteza ni kuchelewa ngazi moja. Kila mwenye kujua hesabu huifanya. Kijana mmoja alipoitaka ngazi hiyo, akasema, "Mwalimu, kitabu kinaruhusu." Akajibiwa, "Kinaruhusu. Huyo aliyekufundisha kubariki ni nani, na alikutaka uache nini?"

Wameru walikuwa na Mugwe, mwenye baraka za watu wake. Padri na mwanaanthropolojia Mwitaliano Bernardo Bernardi alimwandikia kitabu kizima mwaka 1959. Humo imeelezwa kwamba mkono wa kushoto wa Mugwe wa Imenti ulifichwa chini ya vazi, kwa kuwa ulikuwa wa kubariki, na ilisemwa kwamba angeuinua tu, maadui wangesimama. Mwanaanthropolojia Rodney Needham aliandika makala juu ya mkono huo mwaka uliofuata, na wasomi wameujadili tangu hapo. Mwalimu alichukua hapo nidhamu, hakuchukua cheo. Mezani kwake hakuna mchezaji anayeruhusiwa kujiita Mugwe, kwa sababu ni heshima ya watu halisi yenye ukoo na kumbukumbu, na namwunga mkono kabisa. Alichoandika ni hiki: anayeingia fani ya baraka kutoka fani nyingine huuweka wakfu mkono wake wa kushoto. Hashiki ngao kwa mkono huo, wala silaha.

Tazama jinsi kanuni hii inavyofanya kazi. Ngao huongeza 2 kwenye kiwango cha ulinzi. Kwa dadu ya pande 20, hiyo ni kama shambulio 1 kati ya 10 linalopita pale ambapo lingezuiwa. Deraya ameachiwa, kwa hiyo hajaadhibiwa. Ila sasa ana mwili wenye upande mmoja wazi, na wachezaji wenzake wamejifunza kusimama kushotoni kwake. Mwalimu hakuandika popote kwamba wamlinde. Hesabu ya moja kwa kumi imezaa mpangilio wa watu vitani, na mpangilio umezaa urafiki kati ya wahusika ambao hapo awali hawakuwa na sababu ya kukaa karibu.

Kanuni ya tatu inatokana na makabidhiano ya rika. Meru iliyaita ntuiko, Embu nduiko: kizazi kilichokuwa na mamlaka kiliyakabidhi kwa kinachofuata, na waliokabidhi hawakurudi kuyadai. Yule wa Embu ndiye aliyesema kwamba kanuni ya 1978 inafanana na hayo, ila haina sherehe wala mashahidi. Mwalimu akailainisha kwa njia hii. Anayeingia fani mpya hutaja mbele ya wote ujuzi mmoja wa zamani anaouweka chini hadi apande ngazi inayofuata, na mchezaji mwingine humchagulia mwalimu ndani ya hadithi. Akiuvunja mwiko hapotezi uzoefu. Mwalimu wake wa hadithini hupata habari, na msimamizi wa mchezo huamua habari hiyo itafika kwa mdomo wa nani.

Nimesoma kanuni nyingi za watu mbalimbali kuhusu kuchanganya fani, na nyingi zinakosea kwa kujaribu kuziba kila pengo. Zinakua kama sheria za ushuru, na mchezaji anahitaji kikokotoo kabla ya kujua mhusika wake ni nani. Daftari hili la Meru halijajaza kurasa nne. Zaidi ya nusu ya yaliyowahi kuandikwa humo yamefutwa, na alama za raba bado zinaonekana. Kulikuwa na jedwali la bei kwa kila jozi ya fani, kazi iliyomchukua likizo nzima. Alilifuta lote baada ya kuona kwamba wachezaji walikuwa wanalisoma badala ya kusemezana.

Sasa anashughulikia mchanganyiko unaowasumbua wasimamizi kila mahali. Mwenye agano na nguvu za giza hurudishiwa nafasi zake za uchawi kwa mapumziko mafupi, na mchawi wa kuzaliwa anaweza kuzigeuza nafasi hizo kuwa akiba. Mtu akiwa na fani zote mbili na asipolala kabisa, hulimbikiza akiba usiku kucha. Wengi hukataza tu. Mwalimu ameandika kwamba akiba iliyotokana na agano haivuki mapambazuko, na pembeni ameweka alama ya kuuliza. Mchezaji wa Embu anataka mwenye agano ajadiliane na aliyempa nguvu kila anapoigeuza nafasi, kwa kuwa mali hiyo si yake peke yake. Mpambano wa majaribio umepangwa uwe wa mtoni, usiku, mvua ikinyesha, ili lala-usilale iwe na gharama kwa kila mtu mezani, na maharagwe yamekwisha kuhesabiwa.