Kona ya mteremko: hesabu ya tuktuk katika milima ya Kisii na Nyamira

Katikati ya mji wa Kisii, na kwenye lami inayoelekea Suneka, tuktuk ina kazi na ina wateja. Ukianza kupanda kwenda Manga, au ukiacha lami na kuingia njia za vijijini huko Nyamira, tuktuk zinaadimika. Abiria na mizigo huchukuliwa na bodaboda na magari ya Probox. Wengi hueleza hali hiyo kwa maneno machache: tuktuk haiwezi milima. Jibu hilo ni fupi mno, tena linaficha jambo linaloweza kuua. Mlima wa kupanda huichosha tuktuk. Mlima wa kushuka ndio unaoipindua, na sisi abiria tunachangia kwa namna tunavyoketi.

Tuanze na umbo lake. Bajaj RE, mojawapo ya tuktuk zinazojulikana zaidi Kenya, ni ya ukoo wa Ape, kigari cha mizigo ambacho kampuni ya Piaggio ya Italia ilikitoa mwaka 1948 kwa kutumia sehemu za skuta ya Vespa. Gurudumu moja mbele, mawili nyuma, injini nyuma. Kutoka gurudumu la mbele hadi ekseli ya nyuma ni takriban mita 2, na upana wote ni mita 1.3 hivi. Chora mistari ya kuunganisha sehemu tatu ambazo matairi yanagusa ardhi, utapata pembetatu yenye ncha mbele. Gari la magurudumu manne lina mstatili. Chombo hubaki wima maadamu nguvu zote zinazokivuta, yaani uzito, msukumo wa kona na msukumo wa breki, zikijumlishwa zinaangukia ndani ya umbo hilo. Zikivuka mstari, gurudumu la upande wa ndani wa kona linanyanyuka.

Ubaya wa pembetatu ni kwamba upana wake haulingani. Kwenye ekseli ya nyuma, kutoka katikati hadi ukingoni, una sentimita 57 hivi. Kwenye ncha ya mbele huna kitu. Kila kinachousogeza uzito mbele kinaupeleka mahali pembamba.

Nimepiga hesabu kwa makadirio haya: tuktuk ya kilo 350, dereva wa kilo 70, abiria watatu wa kilo 65 kila mmoja kwenye kiti cha nyuma, kitovu cha uzito kikiwa sentimita 60 kutoka ardhini. Kitovu hicho kinaangukia kama mita 1.4 nyuma ya gurudumu la mbele. Kwenye kona ya tambarare yenye nusu-kipenyo cha mita 20, tuktuk hiyo itaanza kunyanyua gurudumu ikifika kilomita 41 kwa saa. Kigari cha magurudumu manne chenye upana na kimo hichohicho kingefika karibu kilomita 49, na kabla ya hapo matairi yake yangeanza kuteleza kwenye lami. Dereva akiteleza hupata onyo. Akianza kupinduka huwa amechelewa.

Sasa ongeza yale tunayoyaona kila siku. Weka abiria wawili mbele, mmoja kila upande wa dereva, na mzigo juu ya paa. Kitovu kinasogea hadi mita 1.3 na kupanda hadi sentimita 65. Kikomo kinashuka hadi kilomita 38. Hapo bado tuko tambarare, hatujagusa breki. Peleka chombo hicho kwenye mteremko unaoshuka mita 1 kwa kila mita 10, na dereva, akishtushwa na lori linalopanda, akanyage breki katikati ya kona kwa nguvu inayofikia theluthi ya uzito wa chombo. Breki na mteremko vinafanya kazi moja, kuusukuma uzito wote kwenye ncha. Wale watatu wa nyuma nao wanateleza upande wa nje kwa sentimita 10, kwa maana kiti chao hakina cha kuwazuia. Kikomo sasa ni kilomita 33 hivi, na hesabu hii haijagusa springi zinazobonyea upande mmoja wala lami iliyoinamia upande mbaya.

Tofauti ya kilomita 8 kwa saa, kutoka 41 hadi 33, ni ndogo kiasi kwamba dereva hawezi kuihisi. Aliyeipita kona hiyo asubuhi akiwa na abiria watatu, kwa mwendo ule ambao mkono wake umeuzoea, anaweza kupinduka palepale jioni akiwa na watano. Atasema breki zilimvuta, na kweli zilimvuta.

Kwa nini basi chombo kiliundwa ncha ikiwa mbele? Sababu kubwa ni usukani. Gurudumu moja hukatwa kwa mkono kama la pikipiki, bila vyuma vingi. Karl Benz, alipopata hataza ya motokaa yake mwaka 1886, naye alitumia magurudumu matatu kwa sababu hakuwa na njia ya kuridhisha ya kukata mawili ya mbele kwa pamoja. Morgan wa Uingereza waligeuza mpangilio, mawili mbele na moja nyuma, na gari lao likawa tulivu zaidi breki zinapobanwa. Lakini mpangilio huo unaondoa nafasi pana ya nyuma, na nafasi hiyo ndiyo inayomlipa mwenye tuktuk. Kwa bei yake, na kwa uwezo wake wa kugeuka ndani ya barabara nyembamba kama zile za Daraja Mbili mjini Kisii siku ya soko, uamuzi wa waundaji ulikuwa wa busara. Sehemu tatu pia hugusa ardhi daima hata pasipo sawa, hivyo bodi haipindwi-pindwi kama ya gari dogo la magurudumu manne.

Kwenye kupanda mambo yanageuka. Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Nyamira iko juu zaidi. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na kisukuma hewa hupoteza karibu asilimia 15 ya nguvu zake. Farasi 10 za injini ya sentimita za ujazo 200 zinabaki nane na nusu, na kwenye mwinuko wa asilimia 10, chombo kikiwa na kilo 700, mwendo utakuwa kama kilomita 24 kwa saa. Ni polepole, lakini kinafika. Tatizo la kweli la kupanda ni gurudumu la mbele. Kwenye tambarare linabeba karibu asilimia 30 ya uzito. Kwenye mwinuko wa asilimia 15, ukiwa umefunga kilo 100 za ndizi nyuma kabisa, linabaki na chini ya asilimia 20, na usukani unakuwa mwepesi vibaya. Kwenye udongo mwekundu uliolowa, mvua ikiwa imenyesha mchana kama kawaida ya huku, unakata kona na chombo kinaendelea moja kwa moja.

Udongo huo pia unaeleza kwa nini njia za ndani zimebaki mikononi mwa wengine. Magari yakipita njia ya matope huchimba mifuo miwili. Probox inakanyaga ndani ya mifuo hiyo. Bodaboda inachagua mfuo mmoja, au inapita pembeni. Tuktuk inaacha alama tatu: magurudumu ya nyuma yakifuata mifuo, la mbele linapanda tuta la katikati lenye majani na mawe. Dereva akiliepusha tuta, gurudumu moja la nyuma linatoka kwenye mfuo. Likikosa mshiko, difu inalizungusha hilohilo bure na lile lililoshika halipati nguvu. Hakuna ustadi wa dereva unaofuta jambo hili.

Uamuzi wangu ni kwamba tuktuk ni chombo kizuri cha lami na cha mji, na serikali za kaunti zote mbili zingefanya vyema kuzipangia njia kwa kuangalia miteremko kwanza. Ninyi madereva, punguzeni mwendo kabla ya kona, chombo kikiwa bado kimenyooka, kisha mwachie breki na kupita. Mzigo mzito ukae sakafuni mbele ya ekseli ya nyuma, usipande paani. Na abiria, ukikuta kiti cha nyuma kimejaa, ukaambiwa kuna nafasi kando ya dereva, subiri tuktuk inayofuata.